Kabla hujanunua kataliti mpya, tafuta kilichoiua ya zamani

Swali: "Nina pikapu ya petroli ya mwaka 1999, silinda nne, imeshatembea zaidi ya kilomita 300,000. Taa ya injini imewaka na mashine imesoma P0420. Nikipanda mlima inanuka mayai viza, nguvu zimepungua, na inakunywa mafuta kuliko zamani. Asubuhi ikiwa bado ya baridi inagonga tik-tik-tik kwa dakika chache, kisha sauti inapotea. Fundi mmoja anasema ninunue kataliti mpya. Mwingine anasema tuipasue tutoe masega yote ndani, ibaki bomba tupu. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Wote wawili wameanzia katikati ya bomba, kwenye kataliti, lile kopo lenye masega ya kauri linalosafisha moshi wa injini, na tatizo lako karibu hakika linaanzia juu, pale moshi unapotoka kwenye silinda. Jambo la thamani kuliko yote uliyoyaandika si P0420, ni ile tik-tik ya asubuhi. Naomba uishike hiyo, tutairudia sasa hivi.

Kwanza tuelewane P0420 inasema nini. Pikapu yako ina sensa mbili za oksijeni, moja mbele ya kataliti na nyingine nyuma yake. Injini ikiwa moto, ya mbele hupanda na kushuka bila kutulia, kati ya takriban volti 0.1 na 0.9, kwa sababu kompyuta inaongeza na kupunguza petroli muda wote ikiizunguka ile hesabu ya uzani, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Kataliti nzima hufyonza oksijeni ikizidi na kuitoa ikipungua, kwa hiyo sensa ya nyuma inatakiwa kuona hali tulivu, mstari usiochezacheza sana. Ya nyuma ikianza kurukaruka kama ya mbele, kompyuta inahitimisha kwamba kataliti haifyonzi tena, na inaandika P0420. Hiyo ni dalili tu. Kompyuta haijui kama kataliti imechoka kwa uzee, imezibwa na oili, imeunguzwa na petroli, au kama kuna hewa inayoingia kwenye bomba na kuzidanganya sensa. Fundi anayesoma namba hiyo na kuagiza kataliti papo hapo ni sawa na daktari anayesikia neno homa tu akaandika dawa.

Sasa tik-tik. Manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, ni chuma cha kusubu, na kwa umri huo imepashwa moto na kupoa maelfu ya mara. Hupata ufa, mara nyingi pale mikono ya silinda inapokutana, au gasketi yake inaungua kwenye silinda ya mwisho, au boliti moja inakatika. Asubuhi ufa uko wazi na kila silinda ikipumua unasikia tik. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajibana, mara nyingi bila kuziba kabisa, na sauti inapotea. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni valvu zinagonga, wakaongeza oili nzito. Valvu nazo hugonga asubuhi, sikatai, lakini mlio wa ufa unakuwa mkali zaidi ukikanyaga mafuta ghafla injini ikiwa ya baridi, na una pumzi ndani yake, kama mtu anayetema mate kati ya meno.

Kwa nini ufa mdogo juu uharibu kataliti huko chini? Kwa sababu moshi hautoki kwa mkondo mmoja, unatoka kwa mapigo. Baada ya kila pigo kuna kitambo kifupi ambapo msukumo ndani ya bomba unashuka chini ya ule wa nje, na hapo ufa unavuta hewa. Hewa hiyo inafika kwenye sensa ya mbele. Sensa inaona oksijeni nyingi na kuripoti kwamba petroli ni haba. Kompyuta, ambayo haina macho mengine, inaongeza petroli. Injini iliyokuwa inakula sawasawa sasa inalishwa kupita kiasi, na ziada hiyo inakwenda kuungulia ndani ya kataliti. Harufu ya mayai viza unayoisikia mlimani ni haidrojeni salfaidi: salfa iliyomo kwenye petroli, ambayo kataliti yenye oksijeni ya kutosha ingeitoa kwa sura nyingine isiyonuka hivyo. Yaani dalili zako nne, harufu, ulaji wa mafuta, P0420 na mlio wa asubuhi, zinaweza kuwa na mama mmoja.

Niliwahi kuletewa pikapu ya umri wa yako iliyokuwa imeshafungwa kataliti mbili mpya, na ya pili nayo imeanza kuwasha taa. Mwenyewe alikuwa amekata tamaa. Nilifungua ile ngao ya bati inayofunika manifoldi, boliti nne zenye kutu, na chini yake palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, urefu wa kidole gumba, na pembeni yake masizi yametawanyika kama mtu amepulizia unga wa mkaa. Ufa wenyewe haukuingiza hata ncha ya wembe. Hakuna aliyekuwa ameitoa ngao hiyo tangu gari litoke kiwandani. Kataliti mbili zilikwenda kwa sababu ya boliti nne.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni hii, na ifanye injini ikiwa imelala usiku kucha. Ifanyie nje, mahali pa wazi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na pikapu kuukuu yenye tundu kwenye sakafu inaweza kuivuta hadi ndani ya kabini. Kama umekuwa ukiumwa kichwa safarini, usiisubiri kazi hii hata siku moja. Toa ngao ya bati. Tafuta masizi kuzunguka gasketi, kwenye maungio, kwenye kichwa cha kila boliti. Kisha mtu awashe injini, mwingine azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara nene lililoloweshwa, kwa sekunde chache tu, avae glavu. Msukumo unapopanda ndani, kila tundu litalia. Kwenye maungio ya chini yasiyo na moto bado, mwagia maji ya sabuni utafute mapovu. Usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee, weka stendi. Ufa au tundu lolote lililo mbele ya sensa, au karibu na sensa ya nyuma, lizibwe kabla hujasoma namba nyingine yoyote, kwa sababu namba zote zinazofuata zitakuwa za uongo.

Ukishamaliza hapo, rudi kwenye mashine, lakini safari hii usisome msimbo peke yake. Omba kuona takwimu zinazotembea. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yalilazimika kuwa na mfumo wa OBD-II, ule wa kompyuta ya gari kujichunguza na kutoa misimbo, kuanzia modeli za 1996, na maadamu yako imetoa P0420, inao. Tafuta namba mbili za marekebisho ya petroli, ya muda mfupi na ya muda mrefu, zinazoonyeshwa kwa asilimia. Ya muda mrefu ikiwa ndani ya 10 juu au chini ya sifuri, sina ugomvi nayo. Ikiwa juu, tuseme 18, kompyuta inaongeza petroli. Ikiwa chini ya sifuri kwa kiasi hicho, inaipunguza.

Hapa ndipo napenda kukaa, maana ndipo ukweli unapojitokeza. Chukua namba hiyo, kisha fungua plagi uziangalie kwa macho. Namba ikisema kompyuta inaongeza, na plagi zikawa nyeupe-nyeupe kavu, basi kweli injini ina njaa: kuna hewa inayovujia kwenye mipira ya vakyumu au gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa, au pampu ya petroli imechoka, au sensa ya hewa ni chafu. Uvujaji wa vakyumu utautambua kwa sababu namba ni mbaya injini ikinguruma polepole na inapona ukipandisha mizunguko. Lakini namba ikisema inaongeza, na plagi zimetoka nyeusi zenye masizi makavu, umekutana na mkanganyiko: namba zinalia njaa na plagi zimevimbiwa. Injini haiwezi kuwa na yote mawili, kuna anayedanganya. Ni ufa wa ekzosi mbele ya sensa, au sensa yenyewe ya mbele imezeeka. Sensa za aina ile yenye hita zilikuwa zikipendekezwa kubadilishwa karibu na kilomita 160,000, na yako kama ni ya kiwandani imeshatumika karibu mara mbili ya hapo. Injini ikiwa moto, kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, sensa nzima itavuka volti 0.45 kwenda na kurudi mara nyingi ndani ya sekunde 10. Iliyochoka inajikokota. Ukiitoa, itazame ncha. Utando mweupe kama chokaa mara nyingi ni silikoni, na mara nyingi imetokana na gundi ya gasketi isiyofaa iliyopakwa na fundi aliyetangulia.

Namba ikiwa chini ya sifuri, kompyuta inajitahidi kupunguza na petroli bado inazidi. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye rejuleta ya petroli, ile inayodhibiti msukumo wa petroli, kama yako inao. Ukikuta petroli ndani yake, au hata harufu kali, ngozi ya ndani imepasuka na injini inanyonya petroli ghafi kwa mlango wa nyuma. Ndani ya dakika moja umepata jibu, na bila kutumia kifaa chochote. Ukikuta pakavu, fikiria injekta inayovuja, au valvu inayonyonya mvuke wa tanki kupitia kopo la mkaa, ambayo ikikwama wazi hufanya gari liwe gumu kuwaka mara tu baada ya kujaza tanki.

Sensa ya joto la maji nayo usiiruke. Ni ndogo, na huharibu mengi. Asubuhi, kabla ya kuwasha, washa swichi tu na usome joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari limelala usiku mzima, namba hizo mbili zinatakiwa kukaribiana sana. Zikitofautiana kwa nyuzi 15 au 20, mojawapo inadanganya. Kisha endesha kwa dakika 15. Maji yafike kati ya nyuzi 80 na 95. Yakikwama kwenye 60, thamostati imekwama wazi, au mtu ameitoa kabisa akidhani anasaidia rejeta. Kompyuta inayoamini injini bado ni ya baridi itaendelea kumwaga petroli ya asubuhi mchana kutwa.

Halafu kuna injini kumisi, na hii ndiyo inayoua kataliti haraka kuliko zote. Silinda isiyowaka inapeleka petroli ghafi pamoja na oksijeni yake yote moja kwa moja kwenye masega. Kule kuna platinamu, paladiamu na rodiamu zilizopakwa juu ya udongo wa kauri, na vinawasha mchanganyiko huo bila cheche. Joto linapanda mpaka kauri yenyewe inayeyuka na kuganda kama kioo kilichoporomoka. Ndiyo maana taa ya injini ikianza kumweka badala ya kuwaka tu, toa mguu kwenye mafuta, usiendelee kupanda huo mlima. Kwa pikapu yenye waya za plagi, subiri giza, fungua boneti, pulizia maji mepesi kwa chupa ya kunyunyizia juu ya waya injini ikinguruma, bila kuzigusa. Waya mbovu itaonyesha cheche za bluu zikitambaa kwenda kwenye chuma. Kataliti ikiwa moto hivyo huweza hata kuwasha majani makavu, kwa hiyo angalia unapoegesha.

Hukuniandikia kuhusu rangi ya moshi, lakini uiangalie. Mweusi ni petroli iliyozidi, na hayo tumeyamaliza. Mweupe unaopotea upesi asubuhi ni mvuke wa maji tu, achana nao. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na hapo shughuli ni ya gasketi ya kichwa cha injini. Wa bluu ni oili. Ukitoka kwa sekunde chache tu baada ya kuwasha, ni sili za valvu. Ukitoka ukikanyaga mafuta kwa nguvu, shuku ringi za pistoni. Kabla ya kuhukumu ringi, toa valvu ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa ndani ya injini urudi kwenye njia ya hewa, uitikise. Nzima inacheza na kusikika. Iliyoganda inafanya msukumo ujae ndani ya injini na oili isukumwe kusikotakiwa, na ni kipande cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu nilichokitaja. Oili ni adui wa polepole: fosforasi na zinki zilizomo hujipaka juu ya masega na kuyafunika, na hakuna dawa ya kumimina kwenye tanki itakayoyafunua.

Sasa, kupungua kwa nguvu. Inaweza kuwa kataliti imeshaziba, na hili halikisiwi, linapimwa. Ukiwa na geji ya vakyumu, iunge kwenye manifoldi ya hewa. Injini nzima ikinguruma polepole usawa wa bahari husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, na hupungua kama inchi 1 kwa kila mita 300 unazopanda juu. Pandisha mizunguko hadi 2,500 uishikilie hapo. Sindano itashuka kidogo kisha ipande na kutulia. Ikiendelea kushuka taratibu, taratibu, kama puto linalovuja, moshi hauna pa kutokea. Njia ya uhakika zaidi ni kutoa sensa ya mbele na kufunga geji ya msukumo mahali pake. Kwenye mngurumo wa polepole usizidi takriban psi 1.5 (pauni kwa inchi ya mraba), na kwenye 2,500 usizidi 3 hivi. Ukikuta 6 au 8, kuna kitu kimeziba. Mara nyingi ni kataliti, lakini nimewahi kukuta kataliti nzima na vipande vya masega ya zamani vimekwenda kujaa kwenye sailensa. Gonga kopo la kataliti kwa kiganja au nyundo ya mpira likiwa limepoa. Likitoa mchakacho kama kibuyu chenye kokoto, masega yamevunjika.

Ukipata mahali penye mashine ya kupima gesi, pima, kabla na baada ya matengenezo. Kaboni monoksidi nyingi inamaanisha petroli imezidi. Haidrokaboni nyingi huku kaboni monoksidi ikiwa ndogo, kuna silinda isiyowaka. Oksijeni nyingi, kuna hewa inayoingia kwenye bomba au silinda inamisi. Mashine hiyo haina haja ya kuamini sensa za gari lako, ndiyo sababu naipenda.

Kuhusu yule wa kutoa masega, nakuomba usimruhusu. Hiyo kataliti ndiyo inayogeuza kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na oksaidi za nitrojeni kuwa gesi zisizoua. Ukiitoa, anayezivuta ni anayetembea nyuma yako na mtoto aliyekaa kando ya barabara. Na kwa upande wako, ugonjwa unabaki vilevile: ufa uko pale pale, petroli bado inazidi, plagi bado zinajaa masizi, na petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Wapo pia wanaofunga kipande cha bomba kurudisha nyuma sensa ya pili ili taa izime. Hapo umemziba mdomo shahidi.

Wa kataliti mpya huenda mwishowe akawa sahihi. Kwa kilomita 300,000, hata kataliti iliyotunzwa inaweza kuwa imechoka kihalali. Lakini ikifungwa leo, juu ya ufa na sensa ya zamani, haitamaliza muda wake. Ziba kwanza, rekebisha mchanganyiko, hakikisha hakuna silinda inayomisi, futa msimbo, kisha endesha siku kadhaa, pamoja na mwendo wa kasi ya wastani usiobadilika kwa dakika 20 au zaidi. Kataliti iliyofunikwa na masizi tu, isiyo na oili wala kuyeyuka, hujisafisha kwa joto lake yenyewe ikianza kulishwa sawasawa. Nimeona hivyo zaidi ya mara moja, na nimeona pia zisizorudi.

Baada ya siku hizo, fungua tena takwimu, injini ikiwa moto, kwenye 2,500, uangalie sensa ya nyuma peke yake kwa dakika mbili. Ikitulia sehemu za volti 0.6 au 0.7 na kubaki hapo, kataliti yako bado inafanya kazi, usiiguse. Ikiendelea kurukaruka sambamba na ya mbele, na ekzosi haina tundu popote, nenda kanunue mpya, ukague na geji ya msukumo siku hiyo hiyo ikifungwa, na uandike namba za marekebisho ya petroli kwenye karatasi uiweke kwenye droo ya gari, ili taa ikija kuwaka tena uwe na cha kulinganisha.